Kamera ya Kushusha Kisimani

Nyote mmenisimamisha mlangoni pa studio na swali moja kuhusu kamera ya kisimani, na kila mtu nilimpa jibu la kumfukuza. Mmoja nilimwambia kamera ilianguka. Mwingine nikamwambia betri iliisha. Mwenye duka la dawa nilimwambia aniache, na kwa hilo namwomba radhi. Nimechoka kusimulia kwa vipande. Naandika yote mara moja, msome, kisha tuongee mambo mengine. Ombi langu ni kwamba yaishie kwenu. Mama mdogo hasomi Kiswahili, lakini nyinyi mna midomo, na mtaa wetu wa Bulla Pesa hauna siri.

Kwa wale ambao hawajui mwanzo: mama mdogo ni Kabale, mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Aliishi mbele kidogo ya Sericho, penye kisima kimoja kirefu cha mashine. Mafundi walipokuwa wakivuta pampu ili waibadilishe, mabomba yalikatika yakaporomoka ndani pamoja na pampu yenyewe. Maji yakawa yapo chini na hakuna njia ya kuyatoa. Serikali ikasema itakiziba kwa simiti, kwa sababu shimo la wazi ni hatari, na kingine kitachimbwa kwingine, mbali, Mungu akipenda na bajeti ikipenda.

Fundi mmoja wa huko, Mturkana aitwaye Ekal, alisema anaweza kuyanasa yale mabomba kwa ndoana ya chuma. Lakini lazima kwanza ajue yamelala vipi, kama kichwa cha bomba kimesimama katikati au kimeegemea ukuta. Akitia ndoana kwa kubahatisha atayasukuma chini zaidi. Kamera za kukagulia visima zipo Nairobi, na kuikodi moja ni kazi ya kuuza zizi zima.

Ndipo nikakumbukwa. "Si wewe una kamera?" mama mdogo aliniuliza kwa simu. Kwake kamera ni kamera. Yangu ni ya picha za pasipoti, harusi, na watoto wa nasari waliovalishwa kofia za kuhitimu. Tone la soda likiirukia nakosa raha wiki nzima. Lakini nilijua kisima kikizibwa mama mdogo atahama. Nyonga yake haimruhusu kufuata mifugo, mume wake na wanawe wawili wamezikwa pale, na alishaniambia, bila kulia, kwamba akiondolewa pale hatajua alale akielekea wapi. Nikamwambia nitatafuta kamera ya kuingia majini.

Isiolo mpaka Nairobi, na mkebe mapajani

Ekal alinitumia kwa lori mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Alikuwa ameushusha kisimani kwa kamba ukapita bila kukwaruza. Kwa hivyo kitu chochote kinachoingia ndani ya mkebe ule, kisima nacho kitakikubali. Hicho ndicho kipimo nilichobeba kwenda mjini, nimekipakata ndani ya basi.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kimeru, mwalimu mstaafu, akienda kumsalimia binti yake. Alinitazama, akautazama mkebe.

"Mtoto umemwacha na nani?"

"Sina mtoto mdogo, mwalimu."

"Na hiyo maziwa?"

Nikamwambia hakuna maziwa, mkebe ni wa kupimia kamera itakayoingia kisimani. Akauvuta mkoba wake karibu. Tulipofika Timau basi likagoma. Ukungu ulikuwa umetanda, na sisi watu wa joto tukasimama nje tukitetemeka huku dereva na utingo wakibishana juu ya mkanda wa injini. Hapo ndipo mwalimu aliponihurumia, akanikatia viazi vya kuchemsha alivyobeba. Tulikula tukiwa tumesimama. "Hata kama umechanganyikiwa," akasema, "lazima ukule." Nilikula viazi vyake vyote.

Nairobi nilipanda ngazi za jengo moja la maduka, kila ghorofa imegawanywa vibanda vya vioo, kila kibanda kina kijana. Aliyeniweza alikuwa anaitwa Kevo.

"Madam, unataka ya kupiga nini?"

"Kitu kilicho chini ya maji."

"Uko vakesheni? Diani?"

"Sericho."

Alitikisa kichwa kama mtu anayepajua. "Hiyo bichi ni poa sana. Maboyz walienda huko."

Sikumrekebisha. Sericho ingekuwa na ufuo nisingekuwa kwake na mkebe.

Alianza na mfuko laini wa plastiki wa kutia simu, ule ambao watu huvaa shingoni wakiogelea. Ndio ulikuwa rahisi kuliko vyote, na moyo wangu ukaupenda mara moja, kwa sababu pesa zenyewe zilikuwa za mchango wa watu waliokuwa wakinunua maji ya lori kwa zile zilizobaki. Nikamwambia atie karatasi ya shashi ndani tuujaribu. Alikataa, nikasisitiza, tukaenda kuuzamisha kwenye ndoo ya kupigia deki. Shashi ilitoka imelowa.

"Hiyo ni jasho tu, madam."

"Karatasi haitoki jasho, Kevo."

Akanionyesha kamera ndogo ya kuogelea, yenyewe bila kasha. Imeandikwa kina chake cha mwisho, na kina chenyewe kilikuwa cha kuchezea watoto. Ekal aliniambia kwamba kutoka uso wa maji mpaka kwenye mabomba ni zaidi ya mti wowote nilioupanda utotoni. Kisha ikaja kamera kubwa, nzuri kweli, na kasha lake lenye vishikio pande zote mbili. Hii ingeona mpaka kutu kwenye nyuzi za bomba. Nikaliweka kasha juu ya mkebe. Lilikaa pale kama sufuria juu ya kikombe, na vijana wa vibanda vya jirani wakaja kucheka.

Ya mwisho ilikuwa kuukuu, ndogo, ile ambayo waendesha baiskeli hufunga kwenye kofia. Lenzi yake inaona pana, mwanga hafifu haiuogopi, na ukiwasha kitufe inarekodi mpaka uizime. Niliitia mkebeni ikacheza. Kasoro moja tu: haikuwa na kasha lake, na bila kasha tone moja linaiua.

"Kasha za hiyo modeli hazikuji tena," Kevo akasema. "Wasee wa kupiga mbizi Kosti ndio wako nazo. Chukua tu hiyo, utanishukuru."

Rahisi ghali, nilijiambia, na nikainunua hata hivyo. Nilishuka ngazi nikiwa na kamera ya majini isiyoweza kushikwa na manyunyu. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho nikaona nimewapotezea watu. Mngeniona hapo msingenituma hata dukani.

Mtwapa, kwa Bwana Shee

Safari ya kwenda Pwani siisimulii. Jasho, mahindi ya kuchoma, jasho tena. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi kwenye kibanda, na mwenye kibanda ndiye aliyenielekeza kwa Bwana Shee, aliyewahi kuwapeleka watalii kupiga mbizi na sasa anatengeneza vifaa vyao nyuma ya nyumba yake. Nguo nyeusi za mpira zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kama watu waliochoka.

"Karibu mwanangu. Wataka kupiga picha samaki gani?"

"Bomba, baba."

"Bomba la meli iliyozama?"

"La kisima."

Aliweka chini bisibisi yake. "Kisima! Kwetu kisima twachungulia tu, twaona nyuso zetu."

"Kwetu ukichungulia huoni kitu. Ni kirefu."

Aliniuliza ni wapi huko, nikamweleza, na yeye hakujifanya anapajua. Akaingia stoo akatoka na makasha mawili ya ile kamera. Moja la chuma, zito, alilolisifu sana. Jingine la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, limekwaruzika ubavuni. Mkebe ulikataa la chuma kwa unene wa kidole. La plastiki liliingia likatoka.

"Hilo la plastiki limeshuka sana na hawa wageni," akasema. "Halijanitia aibu."

Akanifundisha. Siri yote ya kasha ni kile kipete cha mpira kinachozunguka mlango wake, mafundi wetu wa magari wanakiita oringi. "Unywele mmoja watosha kukuua. Chembe moja ya mchanga. Ukiona kitu kimetua hapo, usishushe." Akanipa kitubu cha grisi yake maalumu, akaonyesha kiasi chake kwenye ncha ya kidole: mpira ung'ae tu. Kisha akanitazama machoni. "Huko kwenu kuna vumbi. Sikiza. Lifunge ndani ya nyumba, penye utulivu. Ukishalifunga, hata likushawishi vipi, usilifungue tena mpaka litoke majini. Nje ukilifungua umekwisha."

Tulilizamisha tupu ndani ya pipa, shashi ndani, jiwe juu, tukaenda kunywa chai. Shashi ilitoka kavu. Nikatia kamera, tukateremka mpaka maji ya bahari yalipofika magotini, nikaizamisha kwa kamba. Tuliporudi akanionyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma: mchanga, mwani, na miguu yangu miwili, imepauka na kukuzwa na maji, imesimama chini. Nikalia. Bwana Shee alicheka mpaka akakohoa, akasema wageni wake hulia wakiona papa, si miguu yao. Hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na ilikuwa ndiyo furaha yote ya safari hii.

Mtito Andei, kando ya barabara

Ekal alinipigia nikiwa ndani ya basi la kurudi. Watu wa serikali wamepanga kuja, na wanakuja na simiti kwenye lori. Nikihesabu kurudi Nairobi, kisha Isiolo, kisha Sericho, nilikuwa na nafasi ya kufika siku moja kabla yao, basi lisipochelewa.

Basi likachelewa. Lilizimika kabla ya Mtito Andei, dereva akapanda pikipiki kwenda kutafuta kipuri, na jua likatukalia vichwani. Nilikaa kwenye jiwe, kasha nimelifunga ndani ya leso kifuani. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumwona mama mdogo akitolewa pale akiwa ameshikwa makwapa. Machozi yakanitoka, na sikujali.

Mchungaji mmoja wa kanisa aliyekuwa abiria alikuja kuchuchumaa kando yangu. "Dada, pole. Uko na mgonjwa?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo, maana ilikuwa karibu na ukweli.

"Anaitwa nani tumwombee?"

"Ni kisima," nikasema.

Akafumba macho, akaweka mkono hewani, akamwomba Mungu amponye Kisima, amwinue kitandani, amwaibishe adui aliyemshika. Abiria wengine wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia. Niwaambie ukweli, mimi Mwislamu, sijawahi kuitikia amina kwa moyo mzito namna ile.

Kulamawe, Garba Tula, vumbi

Isiolo nililala, nikachukua kamba ya manila na tochi ya kuingia maji, nikapanda lori la Mzee Yusuf. Wengine mnamjua, babu yake alikuja na jeshi la mkoloni akaachwa hapa, na tangu hapo ukoo mzima ni magari. Alikuwa amepakia unga na mapipa mawili ya maji yake mwenyewe ya safari.

"Salaam aleikum. Hii umefunga kama mtoto ni nini?"

"Aleikum salaam, mzee. Ni kamera ya kuingia kisima."

"Na itasema nini ikitoka huko?"

"Itasema bomba imelala aje."

Alifikiri mpaka tukapita kizuizi cha polisi. "Bomba ikilala, si imelala tu," akasema.

Kulamawe tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, na gurudumu likapasuka tukiwa bado tunaona duka tulilotoka. Baada ya Garba Tula ikawa mchanga. Mimi nilikuwa nimelifunga kasha tupu ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sufuria yenye kifuniko, na bado nilihisi vumbi linanicheka. Kila mahali palipokuwa na watu walisimama njiani wakiinua mitungi. Mzee Yusuf alisimama kwa kila mmoja. Akawamiminia kutoka pipa la kwanza likaisha, akaanza la pili. Utingo wake alimwambia tutakwama bila maji ya rejeta, mzee akamwambia anyamaze.

"Ukiona hiyo bomba uniambie," alinigeukia wakati wa kunishusha. "Mimi ni mtu ya unga. Nimechoka na kugawa maji kwa kijiko."

Nilimwahidi. Kwa sababu ya gurudumu na mchanga tulifika jua likiwa limeinama, na lori la simiti lilikuwa limetutangulia. Lilikuwa limeegeshwa pembeni ya kisima, limefunikwa turubai.

Kisimani

Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni. Tulisalimiana kwa Kiborana, amani ya mifugo, amani ya watu, amani ya njia, tukazunguka zile amani zote ingawa hakuna hata moja iliyokuwapo. Alikuwa amekonda. Alinipa chai iliyotiwa samli, na nikajua maji ya ile chai yalitoka wapi na kwa shida gani.

Aliomba kukiona. Nikamtolea kasha, akaligeuza mikononi, akaugonga ubavu wake kwa kucha, akanusa pale kwenye mpira.

"Hiki ndicho kitaingia kwenye maji yetu?"

"Ndicho, mama."

"Kipya?"

"Kwetu ni kipya."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akanirudishia. Nikaingia ndani, nikateremsha pazia, nikasubiri vumbi litulie. Nikaupangusa mpira, nikautia grisi kama nilivyofundishwa, nikaweka kamera, nikafunga lachi, kile kikomeo cha mlango wake. Nikalifunga ndani ya leso juu ya sanduku lake. Kwa mara ya kwanza tangu Mtwapa nilihisi huenda tukaweza.

Asubuhi nilikwenda kisimani kumsaidia Ekal kufunga kamba na tochi. Ofisa aliyekuja na simiti alikuwa mtu mpole, wa kutoka Nyeri, mwenye kofia kubwa. Hakutaka ubaya. "Nimetumwa, madam," alisema. "Nitawapatia mpaka adhuhuri. Mkinionyesha picha ya kueleweka, mimi mwenyewe nitapiga simu. Mkikosa, nifunge." Akawataka watu wasimame mbali, mdomo wa shimo usije ukaporomoka. Mama mdogo aliletwa akiwa ameshikwa mkono, akakalishwa juu ya mtungi mtupu mbele ya wote.

Nilirudi nyumbani mbio nikachukua kasha. Nilibonyeza kitufe kwa nje, taa nyekundu ikawaka. Sikulifungua. Nje kulikuwa na upepo na maneno ya Bwana Shee yalikuwa kichwani. Kuta zake ziling'aa kidogo, na mikono yangu ilinuka samli, lakini asubuhi ile sote tulikuwa tumekunywa chai ya samli.

Ekal alishusha. Kamba ilikwenda, ikaenda, halafu ikalegea kidogo, na yeye akanong'ona, "Imegusa maji." Akaendelea polepole mpaka alama aliyoifunga, akangoja, akaanza kuvuta. Sehemu ya chini ya kamba ilipotoka ilikuwa imelowa, ndefu, inadondosha, na wanawake kule nyuma wakatoa sauti ya kumshukuru Mungu kwa kuyaona tu matone.

Kisha kasha likatoka. Lilikuwa limejaa nusu. Kamera ilikuwa imelala ndani ya maji, taa imezima, na juu ya maji hayo yalielea matone ya njano, yanazunguka.

Ekal alifungua lachi. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa mpira, akakitazama. Kulikuwa na samli, na ndani ya samli chembe nyeusi za mkaa. Nyote mnajua vyombo vyetu vya maziwa hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa. Samli ya nyumbani haikosi chembe zile.

Na mimi nikaelewa yote pale pale. Chombo kipya hakiendi kisimani kikavu. Hupakwa samli kwanza, kibarikiwe, ili kirudi kimejaa. Hivyo ndivyo mama mdogo alivyofanya kwa kila ndoo ya ngozi na kila mtungi tangu alipoolewa, na hivyo ndivyo alivyonifunza mimi. Nilipokuwa nje na Ekal, aliifungua ile lachi, akaipangusa grisi inayonuka hospitali, akapaka samli yake bora, akafunga, akarudisha ndani ya leso vizuri. Hakuna mtu duniani aliyetaka kasha lile lirudi na habari njema kuliko yeye.

"Nani amepaka mafuta ya kupika hapa?" Ekal aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama mdogo alikuwa akitutazama kutoka kwenye mtungi wake. Kiswahili cha haraka hakipati.

"Ni mimi," nikasema. "Grisi iliniishia."

Ekal alinitazama mimi, akamtazama mama mdogo, akakipangusa kidole chake kwenye suruali. "Sawa," akasema. "Basi ni wewe."

Niliomba siku moja zaidi. Ofisa aliuliza kama tuna kamera nyingine. Hatukuwa nayo. Aliniambia pole mara nyingi, nami nilimwamini, na pole zake hazikunisaidia kitu. Wakafunua turubai. Kuchanganya simiti kunahitaji maji, na walikuwa wameyabeba kwenye tangi, wakayamimina juu ya mchanga na kokoto mbele ya watu waliokuwa hawajapika tangu jana. Mwanamke mmoja alicheka. Ofisa akaona, akasimamisha kazi, akaamuru yaliyobaki wagawiwe akina mama. Walikinga, huku nyuma yao shimo likijazwa.

Mama mdogo aliniuliza kamera iliona nini. Nikamwambia iliona kabla maji hayajaiingia. Bomba limelala vibaya, mama, haliwezi kutolewa.

"Basi ni Mungu," akasema, akaniomba nimsaidie kusimama.

Aliondoka kwenye makaburi yake baada ya siku chache tu, juu ya magunia matupu ya lori la Mzee Yusuf. Mzee aliniona uso, hakuniuliza habari ya bomba. Njia nzima mama mdogo alikaa akitazama tulikotoka, na nilishindwa kumgeuza.

Bulla Pesa

Sasa mnamwona kwenye chumba cha nyuma ya studio, akiamka mapema kungoja zamu yetu ya mfereji. Hajalalamika. Analala akielekea ukutani, na asubuhi huniuliza upande wa Sericho ni upi, nikimwonyesha, anasahau tena.

Kamera ilikufa kabisa. Kadi yake niliikausha nikaiweka, bila kutarajia chochote, na wiki iliyopita nikaitia kwenye kompyuta kwa ajili tu ya kumaliza wasiwasi wangu. Ikafunguka. Mama mdogo alikuwa ameketi nyuma yangu akichambua mchele. Akasikia kelele za kamba ikikwaruza chuma, akasogea.

Tukaangalia pamoja. Ukuta wenye kutu unapanda, unapanda. Halafu chini kabisa duara dogo la mwanga linatetemeka, linakua, linakuwa maji. Kamera inazama ndani yake na maji ni safi, ya kijani, unaona mbali. Mabomba hayajafika. Kutoka pembeni yanaanza kuingia matone ya njano, yanameta kwenye tochi, yanaongezeka mpaka kioo chote kinakuwa dhahabu. Hapo inakatika.

Mama mdogo aliweka mkono wake kwenye bega langu.

"Maji bado yapo," akasema.

"Bado yapo, mama."

"Na hiyo inayong'aa ni samli yangu. Nilikipaka wewe ukiwa nje, sikukuambia."

"Niliona, mama. Ni samli yako."

Alifurahi. Sijamwona amefurahi tangu tuje hapa. Akakaa akikitazama kile kioo cheusi, ungo wa mchele mapajani.

"Basi kinajua njia sasa," akasema, kana kwamba simiti haikumwagwa. "Utakiteremsha tena lini?"

Niliirudisha video mwanzo, ikaanza upya.